Mkeka wa joto wenye kidhibiti: je, unamfaa nyoka aliyetoka kula?

Vifaa vingi vya kupasha joto makazi ya nyoka hupimwa na wanunuzi katika siku za kawaida, yaani siku ambazo mnyama hana kitu tumboni na anaweza kustahimili nyuzi mbili tatu za kupungua au kuzidi bila madhara ya kuonekana. Nimeona ni haki zaidi kukipima kifaa cha aina hii katika siku ambazo kosa lake ni ghali, nazo ni zile mbili tatu za mwanzo baada ya nyoka kumeza windo. Seti ninayoitathmini ina vitu vitatu: mkeka mwembamba wa umeme unaobandikwa chini ya tangi la kioo, kidhibiti joto chenye kihisi kilichofungwa mwishoni mwa waya, na kipimajoto kidogo cha miale ya infraredi cha kushika mkononi. Wanaoitumia ni nyoka wawili, kila mmoja na tangi lake na seti yake: Python regius, yaani chatu mfupi mnene wa Afrika Magharibi na Kati ambaye hujiviringa mduara anapoogopa, na nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, mwembamba na mtembezi zaidi, mwenye asili ya Marekani.

Sababu ya kuchagua kipimo hicho imo katika maumbile ya mnyama mwenyewe. Nyoka hategemei joto linalozalishwa na mwili wake kama mamalia, bali hulitafuta nje, na kasi ya tumbo lake hufuata joto alilolipata. Chatu wa Burma, Python bivittatus, ambaye wanasayansi wamemchunguza sana katika jambo hili, hukaa kati ya mlo na mlo akiwa na tumbo lisilo na asidi ya maana. Akimeza windo, asidi huanza kumiminika, na katika muda wa saa 24 hivi pH ya tumboni, yaani kipimo cha ukali wa asidi ambacho hupungua asidi inapozidi, hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 2. Utumbo mwembamba huongezeka uzito kufikia karibu maradufu, na baada ya mlo mkubwa sana matumizi ya oksijeni ya mwili mzima yanaweza kupanda zaidi ya mara 30 ya kiwango cha mapumziko. Kazi ya kulivunjavunja windo hufanywa na vimeng'enya, yaani kemikali za mwili za kusaga chakula, na vimeng'enya hufanya kazi polepole mno kwenye ubaridi. Joto likikosekana, windo lililomezwa zima, pamoja na manyoya, mifupa na bakteria wa matumbo yake, huanza kuoza ndani kabla asidi haijalifikia, gesi hujaa, na nyoka hulitapika.

Hatari ya upande wa pili husahaulika. Nyoka aliyeshiba husogea mwenyewe mahali penye joto na kulala hapo kwa saa nyingi bila kujigeuza, magamba ya tumbo yakiwa yameigusa sakafu moja kwa moja. Mkeka usio na kidhibiti unaweza kupanda kupita nyuzi 40 za Selsiasi, na nyoka si mwepesi wa kuhama moto unaompata kutoka chini. Huungua taratibu, na mara nyingi mfugaji huja kuliona jeraha wakati nyoka anapojivua gamba. Kwa hiyo kifaa kinadaiwa mambo mawili kwa wakati mmoja: kisiruhusu ubaridi, na kisimchome mnyama ambaye kwa siku hizo hana nia ya kuondoka pale alipo.

Mkeka wa seti hii hufunika takribani theluthi moja ya sakafu ya tangi la ukubwa wa kati, kipimo ambacho ni sahihi, kwa kuwa lazima pabaki upande wa ubaridi wa kwenda mnyama atakapotaka. Gundi yake inashika vizuri, wala sikuona kingo zikibanduka. Watengenezaji wameweka pia viguu vinne vya mpira vya kuliinua tangi, navyo si pambo, maana mkeka uliobanwa kati ya kioo na meza pasipo nafasi ya hewa hukusanya joto hadi kioo chenyewe kikaweza kupasuka.

Kazi inayotaka akili ni kukiweka kihisi. Kijitabu cha maelekezo kinaagiza kibandikwe ukutani ndani ya tangi, vidole viwili juu ya matandiko, na agizo hilo silikubali hata kidogo. Mkeka wa chini haupashi hewa ila kwa kiasi kidogo mno. Unapasha kioo, na kioo kinampasha nyoka. Kihisi kinachoning'inia hewani kitasoma nyuzi 26 wakati sakafu imekwisha kupita 40, na kidhibiti, kwa kutii kilichosomwa, kitaendelea kuupa mkeka umeme. Mahali pake ni juu ya kioo cha sakafu katikati ya eneo la mkeka, chini ya safu nyembamba ya maranda, kikiwa kimebanwa hivi kwamba nyoka hawezi kukisukuma. Au nje kabisa, kati ya mkeka na kioo, kisha joto la ndani lipimwe na tofauti irekebishwe kwenye kidhibiti. Mimi nimependelea nje. Bakuli la maji likipinduka juu ya kihisi kilicho ndani, kihisi hupoa, kidhibiti hudhani tangi lote limepoa, na sakafu huchemka. Nje, maji na mkojo havikifikii, na wala hakuna waya wa nyoka kujipenyeza chini yake.

Baada ya kurekebisha, nilikiweka kidhibiti cha chatu ili sakafu ya ndani ya pango lake, yaani kiboksi cha kujifichia kilicho juu ya mkeka, ikae nyuzi 32, na cha nyoka wa mahindi nyuzi 30, upande wa ubaridi wa kila tangi ukiachwa kati ya nyuzi 24 na 26. Hapa ndipo seti ilipostahili sifa. Kidhibiti chake si cha aina ile ya kuwasha na kuzima, ambayo huuacha mkeka upoe kwanza ndipo iuwashe tena kwa nguvu zote, na hivyo kuifanya sakafu ipande na kushuka mchana kutwa. Hiki hutuma umeme kwa mapigo mafupi, na mapigo hupungua kadiri joto linavyokaribia kiwango kilichowekwa. Taa ndogo ya kijani kwenye kisanduku hupepesa haraka asubuhi chumba kikiwa baridi, kisha hupepesa kwa kusitasita kufikia mchana, na sakafu haiyumbi zaidi ya nyuzi moja hivi. Mtu asiyefuga nyoka anaweza kuona huo ni usumbufu wa kujitakia, lakini kwa mnyama ambaye ana panya mzima tumboni na amelala juu ya kioo hichohicho usiku na mchana, nyuzi moja ya kuyumba na nyuzi tano za kuyumba ni mambo mawili yasiyolingana.

Tabia ya nyoka yenyewe ilionyesha kwamba kifaa kinafanya kazi. Chatu akishameza, kwanza hupiga miayo mipana, nusu mbili za taya la chini zikiachana na kukutana kwa kupishana, akirudisha mahali pake mifupa na kano zilizopanuka. Hapana taya linalotenguka, kama wengi wanavyodhani, kwa sababu nusu hizo zimeunganishwa mbele kwa kano inayovutika. Kisha hutoa ulimi mara nyingi, huzunguka tangi akinusanusa alipolikamatia windo, hunywa maji, na mwishowe huingia katika pango lililo juu ya mkeka. Uvimbe unapokuwa mkubwa, magamba ya ubavuni hutengana hadi ngozi nyeupe ya katikati yake ikaonekana kwa mistari. Hapo hulala, na hapo ndipo mtihani wenyewe ulipo, maana mwili mnene uliolala juu ya mkeka huziba joto lisipande, nalo hujikusanya chini yake. Nilipima sakafu mara tu chatu aliposogea kwa hiari yake, na mahali alipokuwa amelala palikuwa na nyuzi 33, yaani moja tu juu ya kiwango. Kihisi kilicho katikati ya mkeka kilikuwa kimelihisi joto hilo na kidhibiti kikapunguza mapigo. Kingekuwa pembeni, kama wafungaji wengi wanavyokiweka kwa sababu ya wepesi wa kupitisha waya, kisingejua lolote.

Nyoka wa mahindi alikuwa shahidi wa aina nyingine. Huyu hakai mahali pamoja kwa muda mrefu kama mwenzake. Hulala juu ya joto, huenda upande wa ubaridi, hurudi. Mwendo huo wa kwenda na kurudi si dalili ya wasiwasi bali ni ya tangi lililopangwa vizuri. Wa kutiliwa shaka ni nyoka anayebaki upande wa ubaridi tangu alipokula, au anayejibanza pembeni kabisa mwa mkeka akikwepa katikati, kwani huyo anasema kwa mwili wake kwamba sakafu imezidi.

Nina lawama juu ya mpango wa usiku. Kidhibiti huja kutoka kiwandani kikiwa kimepangwa kushusha joto kwa nyuzi tano kuanzia saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi, kwa hoja kwamba porini usiku huwa na ubaridi. Hoja hiyo ni kweli kwa nyoka mwenye njaa, na katika siku za kawaida upungufu wa kiasi hauna ubaya. Ila windo lililo tumboni haliachi kuoza kwa kuwa jua limetua, na nyoka wa porini aliyeshiba ana uhuru wa kuchagua shimo au jiwe lililohifadhi joto la mchana, uhuru ambao tangi halimpi. Katika siku mbili tatu za mwanzo baada ya mlo, mpango wa usiku unapaswa kuzimwa. Kuuzima kunahitaji kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja huku ukihesabu, jambo ambalo limefichwa karibu na mwisho wa kijitabu. Na baya zaidi, umeme ukikatika na kurudi, kidhibiti hukumbuka kiwango cha joto lakini husahau saa, hivyo mpango wa usiku ukiwa umeachwa hai unaweza kuanza adhuhuri. Kwa kifaa kinachojitangaza kuwa cha wafugaji wazoefu, hilo ni pungufu lisilo na udhuru.

Kipimajoto cha mkononi ni kizuri kuliko nilivyotarajia, mradi anayekitumia ajue kinachopimwa. Kinasoma joto la uso wa kitu tu, hakisomi hewa, na miale yake haipenyi kioo. Ukikielekeza kwenye tangi kutoka nje utapata joto la kioo cha ukutani, wala si la nyoka aliye nyuma yake. Lazima mlango ufunguliwe. Kwenye nyuso zinazong'aa, kama bakuli la chuma, husoma uongo, kwa hiyo nilikitumia kwenye maranda, kwenye kioo cha sakafu baada ya kufukua maranda, na kwenye mgongo wa nyoka pasipo kumgusa. Kinasaidia hata kabla ya mlo, maana windo lililogandishwa ambalo limeyeyushwa vibaya huweza kuwa vuguvugu kwa nje na baridi katikati, ingawa kwa hilo la katikati kipimajoto cha uso hakitoshi na bado mkono ulibonyeze tumbo la panya kuhakikisha kwamba hakuna barafu ndani. Panya ayeyushwe polepole kwenye ubaridi wa friji, kisha apashwe katika maji ya moto kiasi akiwa ndani ya mfuko. Maikrowevu humpika sehemu na kumwacha mbichi sehemu nyingine, na tumbo lake huweza kupasuka.

Maelekezo yaliyomo katika kijitabu kuhusu utunzaji baada ya mlo ndiyo sehemu dhaifu ya bidhaa hii, na nayaeleza kwa urefu kwa sababu mnunuzi mpya atayaamini. Linasemwa humo kwamba nyoka anaweza kushikwa siku inayofuata. Wafugaji wazoefu na madaktari wa wanyama husubiri angalau saa 48, na mlo ukiwa mkubwa husubiri hadi uvimbe utoweke, kwa kuwa kuinuliwa na kukunjwa kunalibana windo na kumtia mnyama hofu, na nyoka mwenye hofu hujipunguzia mzigo kwa kuutapika ili aweze kukimbia. Linasemwa tena kwamba alishwe katika boksi la pembeni na kurudishwa mara amalizapo, ili asizoee kuuma mkono unaoingia tangini. Ushauri huo umezagaa sana, lakini unamtaka mfugaji afanye kitendo kilekile kinachokatazwa, yaani kumbeba nyoka aliyetoka kumeza, ambaye bado amejaa ari ya kuwinda na huenda akaurukia mkono wenye harufu ya panya. Mlishe ndani ya tangi lake kwa koleo ndefu, funga mlango, nawa mikono kwa sabuni kwa sababu ya salmonela, bakteria wa kuharisha,, na umwache. Habari ya kumwogesha katika maji vuguvugu ili kulainisha choo haikuhitaji hata kuandikwa; bakuli la maji safi lililo upande wa ubaridi linatosha, na choo, pamoja na ile sehemu nyeupe kama chokaa ambayo ndiyo mkojo wake, kitakuja chenyewe baada ya siku kadhaa au zaidi ya wiki kutegemea aina ya nyoka na ukubwa wa windo.

Kuhusu ukubwa huo kijitabu hakisemi neno, na ni ajabu, kwa kuwa hakuna kidhibiti joto kitakachomwokoa nyoka aliyepewa windo la kupita kiasi. Kanuni inayotumika ni kwamba unene wa windo usizidi sana ule wa sehemu nene kuliko zote ya mwili wa nyoka, na anayeanza achague windo la upande wa udogo.

Kwa upande wa umbo na uimara, waya wa kihisi ni mfupi kiasi kwamba kisanduku lazima kikae karibu kabisa na tangi, mahali ambapo kinaweza kurushiwa maji. Kikombe cha mpira cha kunyonya kilichokusudiwa kukishikilia kihisi kilianguka chenyewe mara kitangi kilipopata unyevu, na huo ndio ushahidi mwingine wa kutokifuata kijitabu. Nimetumia mkanda wa karatasi ya alumini kwa nje, kamwe si ndani, kwani gundi ya mkanda huweza kushika magamba na kuyang'oa. Kengele ya hatari hulia waya wa kihisi ukikatika au kuchomoka kwenye kisanduku, na umeme wa mkeka huzimwa papo hapo, jambo la kusifiwa. Haisemi chochote kihisi kikiwa kizima lakini kimehama mahali pake, hivyo kipimajoto cha mkononi kisibaki kwenye droo.

Kitu kidogo ambacho nimekipenda kuliko nilivyodhani ni kumbukumbu ya kiwango cha chini na cha juu kilichosomwa tangu mara ya mwisho ilipofutwa. Mfugaji anayeifuta wakati wa kulisha anaweza kujua, pasipo kukesha, kama tangi lilipoa usiku. Nyoka akitapika, hizo namba mbili ndizo za kwanza kuangaliwa na ndizo za kumpelekea daktari, kwa sababu ubaridi, kushikwa mapema na windo kubwa ndizo sababu za kawaida, na ugonjwa au vimelea hufuatia pale hizo zinapokuwa zimeondolewa. Nyoka aliyetapika asilishwe tena upesi ili kufidia alichopoteza. Asidi imeliunguza koo lake na bakteria wazuri wa tumbo wametoka pamoja na windo. Apewe maji, utulivu na joto sahihi kwa siku 10 hadi 14, kisha windo dogo kuliko la kawaida, na akirudia kutapika aonwe na daktari bila kuchelewa.

Seti hii inamfaa mwenye tangi la kioo na nyoka wa ukubwa mdogo au wa kati. Mwenye kabati la mbao asiinunue, kwa sababu mbao haipitishi joto vizuri na mkeka ulio chini yake utachemka wakati sakafu ya juu bado ni baridi. Huyo anahitaji chanzo cha joto cha juu kilichozungushiwa wavu, pamoja na kidhibiti cha aina yake. Mwenye chatu mkubwa aliye mzito pia atafute kingine, kwani mwili wake utaufunika mkeka wote na kuacha nusu ya uvimbe nje ya joto. Kwa wengine waliobaki, kidhibiti peke yake kinastahili kununuliwa, mkeka ni wa kawaida, na kijitabu kiwekwe kando baada ya ukurasa wa michoro ya nyaya. Kihisi cha akiba huuzwa peke yake na huchomekwa bila kufungua kisanduku. Afadhali kichukuliwe siku hiyohiyo, kwa maana kikiharibika nyoka akiwa ametoka kula, kengele italia, mkeka utazimwa, na hakutakuwa na muda wa kusubiri mzigo ufike.